Pemba kwa Baiskeli: Mkoani Hadi Kigomasha

Anayetaka kuikata Pemba kwa baiskeli namshauri aanzie Mkoani, kusini, amalizie Kigomasha, ncha ya kaskazini, na aende majira ya demani, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa bado haijakatika. Upepo utakuwa mgongoni karibu njia nzima. Sisi tulikwenda mwezi wa Septemba, na tulipotoka msitu wa Ngezi tukaingia uwandani, pana mahali tuliacha kukanyaga kabisa na baiskeli zikaenda kwa upepo. Mabaharia walilijua hili zamani sana. Majahazi ya kurudi Arabuni yalikuwa yakiingoja kusi hiihii.

Kwa masafa, Pemba si kitu. Ni kilomita 67 hivi kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini, na gari ya asubuhi kutoka Mkoani hukufikisha Konde jua halijawa utosini. Kazi iko kwenye vilima. Kisiwa hakina mlima hata mmoja wa kuandikwa kwenye ramani ya skuli, lakini pia hakina mahali utakaposema haya, sasa tambarare. Unashuka bondeni penye mpunga, unavuka kijito, unapanda penye mikarafuu, unafika juu unaiona bahari upande wa magharibi, mara unashuka tena. Mwanzoni tulimuuliza kila tuliyekutana naye kama mipando imebaki mingi. Jibu lilikuwa moja, "Miwili tu hiyo," na tulipoizoea ile miwili isiyokwisha tukaacha kuuliza.

Nimekuwa nikienda Pemba tangu utotoni, kwa maziko na kwa harusi, kama Waunguja wengi wenye jamaa huko. Nilikuwa naijua kwa dirisha la gari. Nataka wenzangu waijue Pemba ya ndani, ya mabondeni na mashambani, ambayo haimo katika picha za fukwe na samaki wanazooneshwa wageni, na kwa kazi hiyo sijaona chombo kinachofaa kuliko baiskeli. Mpando ukikushinda unashuka ukasukuma, na anayesukuma baiskeli Pemba hapiti mbele ya nyumba ya mtu bila kuamkiwa, kuulizwa atokako, na kuambiwa aketi anywe maji.

Tulikuwa wanne. Binamu yangu, mzaliwa wa Wete, alikuwa na baiskeli ya keria isiyo na gia ambayo baba yake akibebea ndizi. Rafiki yangu mwalimu wa jiografia alikuja na mkewe, ambaye ni muuguzi na ndiye mwenye pumzi kutushinda sote. Yeye alivaa suruali pana, kanzu fupi juu yake na mtandio uliobanwa vizuri kwa pini, akaenda hivyo kuanzia Mkoani mpaka mwisho. Mizigo tuliipunguza: nguo za kubadili, kanga za kujifunikia usiku, maji, tyubu za akiba, bomba, viraka na spana. Kwenye boti baiskeli zilifungwa kamba pamoja na mizigo ya abiria, na tulipofika Mkoani tukawangoja kwanza wenye magunia washushe.

Bandari ya Mkoani iko chini na mji uko juu. Hakuna muda wa kupasha miguu moto. Ukitoka getini tu, mpando unakusubiri, na watu waliokaa barazani wanaangalia kila mgeni atafanya nini. Tulisukuma. Juu kidogo tukamkuta mzee naye anasukuma, baiskeli nyeusi aina ya Phoenix yenye breki za fito, gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, limefungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu.

"Mwendapi, wanangu?"

"Chake, mzee wetu, tukijaaliwa."

Alitutazama tulivyoshika usukani kwa mikono miwili, tumeinama, tunahema. Akasema hivyo tutachoka bure. Akatuonesha: mkono wa kushoto ukae kwenye usukani kwa kuongoza tu, wa kulia ushike nyuma ya tandiko, na nguvu yote itoke kwenye mkono huo wa nyuma na begani. Kisha usiukabili mpando wima, uende upogo, ukate huku na huku kwa upana wa njia kama gari hazipo. Tulijaribu, na tofauti tuliiona hapohapo. Yeye na gunia lake alitupita, hakusimama hata mara moja, akatungoja juu kwa adabu ili tuagane. Nimepanda baiskeli miaka mingi mjini na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu cha maana kama kile.

Baada ya Mtambile tuliiacha barabara kuu tukafuata njia ya udongo, kwa sababu binamu alikuwa na watu wake huko na kwa sababu harufu ilikuwa inatuita. Msimu wa karafuu ukifika, hewa yote ya Pemba inabadilika. Pembeni mwa njia majamvi yametandazwa, mengine yana karafuu mbichi za kijani na wekundu, mengine zilizokwisha kuwa kahawia. Kila mwenye jamvi anaangalia juu. Wingu likitokea utasikia sauti zinapaazwa nyumba hadi nyumba, na watoto wanakimbia kukunja. Karafuu iliyonyeshewa ikavunda huwa mpeta, na kazi yote ya juu ya mti inauzwa kwa bei ya kusikitisha.

Jua lilipokuwa linakuchwa tulikaribishwa kwenye ua uliojaa wanawake waliokaa chini kwa duara, rundo la karafuu katikati. Hapo ndipo pa kukaa kama unataka kuijua Pemba. Karafuu huchumwa kwa vichala na vikonyo vyake, ikiwa bado ni tumba, kabla ua halijafunguka. Likishafunguka thamani imekwenda. Wachumaji wanapanda asubuhi, na mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi mepesi kuvunjika, kwa hivyo kila msimu wako watu wanaoanguka. Mmoja wa mabibi pale alikuwa na mwanawe aliyevunjika mguu msimu mmoja uliopita, akalitaja hilo kwa utulivu huku mikono yake haisimami.

Mikono ile niliitazama kwa muda mrefu. Kichala kinashikwa kwa mkono wa kulia, kinalazwa juu ya kiganja cha kushoto, kinasokotwa mara moja kwa mkandamizo, na karafuu zinapukutika zote upande mmoja huku vikonyo vikibaki vidoleni. Vikonyo vinatupwa nyuma kwenye pakacha, kwani makonyo nayo yana mnunuzi. Sekunde chache, kichala kingine. Hawaangalii. Wanazungumza habari za mahari, za mtoto aliyefaulu, za mgonjwa aliyeko hospitali ya Abdalla Mzee, na rundo linapungua. Muuguzi wetu aliketi nao bila kungoja kuambiwa mara ya pili, akaanza taratibu, kimoja kwa kimoja, na bibi aliyekuwa karibu naye akamrekebisha kidole gumba. Malipo ni kwa pishi. Kabla ya isha alikuwa amejaza pishi yake ya kwanza na vidole vyake vimekufa ganzi kwa mafuta ya karafuu. Bibi akampa ile pishi aondoke nayo. Tulikataa, akakasirika, tukapokea.

Kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar ziko Pemba na si Unguja, ambako ndiko walikokuwa masultani waliohimiza zipandwe? Hili mwalimu alituelezea usiku ule tukila muhogo wa nazi na dagaa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Mikarafuu ni miti ya kungojwa miaka, kwa hivyo mashamba ya Pemba yaliyobaki wima ndiyo yaliyochukua nafasi, na kwa kuwa udongo wa huku ni mzito na mvua ni nyingi, hayakuiachia tena. Mwenye nyumba, mtu mzima aliyesikiliza kwa makini, akaongeza yaliyofuata: baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yakagawiwa kwa eka tatu tatu, na shamba alilotuonesha jioni ile lilitokana na mgao huo. Karafuu kavu, hadi leo, kisheria zinauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na ni shirika hilo linalowasisitiza wakulima waanike juu ya majamvi, wasianike juu ya lami. Hilo la lami nimelielewa vizuri zaidi nilipopita na magurudumu.

Chake Chake tulipita kwa ajili ya chai na mikate, si zaidi. Mji una shughuli zake na sisi tulikuwa na hamu ya mashamba. Upande wa Wawi harufu ilirudi kwa nguvu, nzito, ya kuingia kooni: ni kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, ambako lile gunia la mzee wa Mkoani huenda ndiko lilikokuwa likielekea. Kutoka hapo tukateremka kwenda Pujini kuyaona magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee wa Pemba bado wanamtaja kwa ukali wake. Wataalamu wa mambo ya kale wanaiweka ngome hiyo katika karne ya 15. Kuta nyingi zimemezwa na mizizi, lakini handaki lililoizunguka linaonekana, na kisima kipo. Hadithi ya kisima inasema bwana huyo alikuwa na wake wawili wenye wivu mkali, akajenga ukuta katikati ili kila mmoja ateke maji upande wake wasionane. Shemeji yetu muuguzi aliinama akaangalia muda, akauliza hao wanawake wenyewe waliitwaje. Hakuna aliyejua. Nimeendelea kulifikiria swali lile, maana jina la mume limebaki karne zote hizo.

Kati ya Chake na Wete tulifuata barabara ya zamani, na hii ndiyo njia nzuri kuliko zote nilizowahi kupita kwa baiskeli. Imepinda kila mahali, kwa sababu inafuata migongo ya vilima. Miembe mikubwa imeifunika. Mara kwa mara mabonde yanafunguka na unaiona hori ya bahari iliyoingia ndani kabisa, imezungukwa na mikoko, imetulia kama ziwa. Magari ni machache, na yanayopita yanapiga honi kabla ya kona. Hapo breki ndizo zinazohitajika kuliko miguu. Binamu na baiskeli yake ya ndizi alikuwa anashuka kwa kuburuza soli ya kandambili, mpaka mwalimu akamsimamisha akamfungia upya fito ya breki ya mbele.

Tulikata kuingia Kidike kuwaona popo. Popo wa Pemba hawapatikani penginepo duniani. Ni wakubwa, mabawa yakikunjuliwa yanafika karibu mita moja na nusu, na mchana wamening'inia juu ya miti kwa mamia, wekunduwekundu, wanajipepea. Miaka ya 1980 wataalamu walihofia kwamba watatoweka, kwa kuwa watu waliwawinda kwa kitoweo na miti mirefu ilikuwa ikikatwa. Wanakijiji wakaamua kuwalinda wenyewe, uwindaji ukapungua, na wakaongezeka tena. Kijana aliyetuongoza alizungumza juu yao kwa fahari iliyonifurahisha sana. Alisema popo ndio wanaotawanya mbegu za miti ya msituni, na kwamba babu yake aliwala na yeye anawalinda, na babu hana kinyongo.

Wete tulilala kwa shangazi yangu. Hapo hakuna la kusimulia ila kwamba tulikula. Halua ya Wete inajulikana Zanzibar nzima, na mimi nasema bila woga kuwa halua nyingine zinaiga tu: ina iliki ya kutosha, samli haiogopwi, na ikishikwa kwa vidole inavutika bila kukatika. Asubuhi, tukinywa kahawa, shangazi alinyoosha mkono ng'ambo ya hori, kuelekea Mtambwe. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, zilizopigwa kwa majina ya watawala wa pwani yetu yapata miaka elfu iliyopita. Mji uliokuwa na fedha yake wenyewe. Leo ni minazi na mashamba ya muhogo. Shangazi alisema alipokuwa mtoto walikuwa wakienda kule kuokota chaza na hakuna aliyewaambia wamekanyaga nini, na uchungu wa maneno yake ulinigusa. Haya yafundishwe skuli zote za visiwani, na watoto wapelekwe wakaone kwa macho.

Konde tulipata pancha. Fundi aliyekaa chini ya mwembe aliitoa tairi kwa vijiko viwili vya chuma, akaivuta tyubu nje, akaitia upepo kidogo, akaizamisha kwenye beseni la maji, akaipitisha pole pole mpaka vipovu vikatoka mahali pamoja. Akapaweka alama kwa kucha. Akapasugua kwa msasa, akakata kiraka cha duara kutoka kwenye tyubu kuukuu, akakisugua nacho, akapaka gundi pande zote mbili. Hapo ndipo wengi wanapokosea, alisema: gundi ikiwa mbichi haishiki. Akakaa akazungumza nasi habari za mwaka huu wa karafuu, akapuliza, akagusa kwa kidole, akazungumza tena. Alipokibandika alikigonga kwa nyundo juu ya jiwe. Kisha, kabla hajairudisha tyubu, akapitisha vidole ndani ya tairi yote mzunguko mzima akautafuta mwiba, akaupata, mdogo sana, wa mchongoma. "Usipoutoa huu," akasema, "utaniona tena kesho." Kiraka hicho bado kipo.

Baada ya Konde ndio Ngezi. Huu ni msitu wa kilomita za mraba 14 na kitu, kipande kilichosalia cha msitu wa asili uliowahi kulifunika eneo kubwa la kisiwa kabla mikarafuu haijaja. Unaingia kutoka kwenye jua na ghafla upepo unakata, ubaridi unakupokea, ardhi inalainika chini ya magurudumu. Mivule inakwenda juu usione kilele. Mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni, unaota hapa na katika visiwa hivi tu. Tulisimama mwalimu atuelezee, na hapa nakiri ndipo nilipoelewa kitu nilichokisoma nikiwa mwanafunzi nisikielewe. Unguja iliwahi kuunganika na bara, enzi za barafu bahari ilipokuwa chini, kwa sababu mkondo wake, yaani ile bahari iliyo kati yake na bara, si wa kina. Mkondo wa Pemba unazidi mita 800. Bahari ikishuka vyovyote ilivyoshuka zama hizo, Pemba ilibaki kisiwa, peke yake, muda mrefu mno. Ndiyo maana ina popo wake, bundi wake, ninga wake, chozi wake. Alimaliza tu kusema, na ninga akaruka juu yetu, kijani kitupu. Binamu, aliyezaliwa Wete na kuwinda ndege utotoni, alisema hakuwahi kuambiwa kwamba ndege wale ni wa kwao tu.

Makangale watoto walitukimbilia. Wavulana walitaka kupiga kengele. Wasichana walikuja upande wa shemeji, wakaitazama baiskeli, wakamtazama yeye, na mkubwa wao, wa miaka kumi na miwili hivi, akauliza kwa sauti ndogo kama mumewe anamruhusu. Shemeji akamjibu kwamba wamekuja pamoja, yule pale, na kwamba baiskeli humpeleka kazini zamu ya alfajiri wakati hakuna gari. Kisha akamshushia tandiko, akamshika kiuno, akamwendesha mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Kila msichana alipata zamu yake. Tulichelewa sana pale na hakuna aliyenung'unika. Bibi mmoja alitoka nyumbani kwake na jagi la maji ya ndimu, akasimama akiangalia, akasema wakati wake yeye waliambiwa baiskeli si ya mtoto wa kike na hakuambiwa kwa nini.

Mnara wa Kigomasha ni wa chuma, ulijengwa mwaka 1900, na ngazi zake zinazunguka ndani kwa wembamba hadi juu. Ukifika, kusi inakupiga usoni. Magharibi maji ni buluu iliyokolea kwa sababu ya ule mkondo wa mita 800. Mashariki ni Vumawimbi, mchanga mweupe na miamba. Kusini ni vilima vyote tulivyopanda, kimoja nyuma ya kingine, vya kijani, na moshi wa majiko. Tulivihesabu tukashindwana, kila mtu na hesabu yake.

Kurudi, baiskeli zilipanda juu ya gari ya abiria kutoka Konde, zimefungwa pamoja na magunia, na utingo alitutoza kama mizigo mingine. Upepo wa mbele tuliwaachia wengine. Safari ijayo, Mungu akipenda, tutapita mashariki, ambako mipando ni michache na ardhi ni ya mawe: Vitongoji, Kangagani mpaka gatini kwa madau ya Kojani, kisha Tumbe mapema ili tukute mnada wa samaki, na Micheweni. Shangazi keshaambiwa na keshauliza tutakuwa wangapi. Anayetaka kufuatana nasi alete tyubu mbili za akiba, na breki azipeleke kwa fundi kabla ya kupanda boti.